Kabla ya vitenge vya safari ya Benin

Wamama wapenzi, sare ya kitenge imeanza kuchaguliwa, na sisi pia tunaifurahia. Lakini tuanze na sindano. Chanjo ya homa ya manjano inachomwa siku 10 au zaidi kabla ya safari, na bila kadi yake ya njano unaweza kuzuiliwa uwanjani. Mwenye kadi ya zamani asichome tena: tangu 2016 inahesabika kwa maisha yote. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha aongee kwanza na daktari.

Viza isitusumbue, Benin haiidai kwa Mwafrika anayekaa siku zisizozidi 90. Kifaransa chetu kitatosha. Pesa ndiyo yenye maneno. Kule wanatumia faranga za CFA, siyo zetu. Tena pesa ya likelemba isitoke kwa ahadi ya mdomo: kiongozi wa safari aandike bei yake inalipa nini, hoteli, gari, chakula, kuingia makumbusho, halafu atie sahihi.

Tutafika Abomey, kwenye majumba ya wafalme wa Dahomey waliokuwa na jeshi la wanawake. Cotonou wamesimamishiwa sanamu ya meta 30. Ouidah tutatembea karibu kilometa 4, njia waliyopitishwa watumwa mpaka baharini, basi viatu vya visigino vibaki nyumbani. Pale kwenye Mlango wa Kutorudi, picha za kucheka tuziache.

Jumapili kila mama alete pasipoti na kadi yake, tuangalie tarehe.