Kabla ya Kupakua Chochote, Fungua Daftari

Kijana mmoja wa mwaka wa pili, anayesoma hapa Mbeya, alinijia na swali nililokwisha kulizoea. "Shikamoo mwalimu. Naomba ushauri, nianze na React au Laravel?" Nikaitikia marahaba, kisha, badala ya kuchagua kati ya zana hizo mbili za wavuti, nikamuuliza anataka kujenga nini. Akasema shangazi yake ananunua maparachichi kwa wakulima wa Tukuyu na kuwauzia wenye malori, na yeye anataka kumtengenezea mfumo wa hesabu kwenye wavuti. Nikamwambia aende akalete daftari la shangazi.

Alirudi na kaunta buku lililochakaa pembe. Safu nne zimepigwa kwa rula: jina, kilo, bei, amelipwa au bado. Mkulima mmoja ameandikwa kwa namna tatu: Mama Neema, M. Neema, na Neema wa Kiwira. Pembeni, nje ya safu zote, kuna maandishi ya wino mwekundu: deni la mbolea. Tulikaa na daftari lile saa nzima bila kuwasha kompyuta. Tukaona kwamba mkulima anatakiwa aandikwe mara moja tu, na namba yake ya simu. Mizigo yake, hata ikiwa kumi, ikae kwenye jedwali la pili. Na madeni ya mbolea, ambayo ndiyo yanayoleta ugomvi siku ya malipo, yapate jedwali lao.

Ukifika hapo, nusu ya uchaguzi imeshafanyika. Taarifa za majedwali yanayohusiana zinataka hifadhidata ya majedwali, na zipo za bure zilizokomaa. Kwa shangazi anayeandika peke yake, SQLite inatosha. Ilitolewa mwaka 2000 na Mmarekani D. Richard Hipp, haihitaji seva, na hifadhidata nzima ni faili moja unaloweza kulinakili kwenye flashi jioni na kulifungia kabatini. Siku shangazi atakapokuwa na makarani wa vituo vitatu wanaoingiza mizigo kwa wakati mmoja, atahamia MySQL au PostgreSQL. Siku hiyo haijafika, na si busara kumjengea leo nyumba ya wapangaji asio nao.

Baada ya hapo lipo jambo la gharama ya mtandao, ambalo vitabu vingi vya programu havilitaji, kwa sababu vimeandikwa na watu wasionunua bando. Mimi nililipia somo hili nikiwa Iringa. Nilikuwa nimekaa Kihesa usiku, naanza mradi kwa zana za kisasa za JavaScript. Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa na sentensi moja tu, lakini ili uonekane, kompyuta ilianza kuvuta mamia ya vifurushi vidogo kutoka kwenye mtandao. Bando likakata katikati. Asubuhi nilikuwa na folda nzito isiyofanya kazi yoyote.

Vifurushi hivyo ni kazi za watu wengine, na kila kimoja ni tegemezi jipya. Machi 2016 mtunzi mmoja alikiondoa kwenye npm, hazina ya vifurushi vya JavaScript, kifurushi chake kiitwacho left-pad, chenye mistari 11 tu ya msimbo, ambacho kazi yake ni kujaza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Miradi mingi duniani ikashindwa kujengwa hadi kiliporudishwa. Na tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya intaneti ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mwenye lugha ya PHP na hifadhidata yake ndani ya kompyuta yake aliendelea na kazi.

Ndiyo maana nawashauri wanaoanza watumie PHP au Python. XAMPP, inayobeba PHP pamoja na hifadhidata yake, ni faili moja la kusakinisha, unaweza kulipata kwa flashi ya mwenzako. Django ya Python, iliyozaliwa kwenye ofisi ya gazeti mjini Lawrence, Kansas, na kutolewa mwaka 2005, inakupa kurasa za kuingizia taarifa zikiwa tayari, na mwongozo wake unapakuliwa mara moja ukausoma bila intaneti. Kati ya lugha hizi mbili, chukua ile anayoijua rafiki unayeweza kumgongea mlango. Kosa lililokushinda siku tatu, yeye ataliona kwa dakika tano.

Usichague fremuweki, yaani kiunzi cha programu kilichoandaliwa tayari, kwa mitindo. Ushahidi, mfumo wa Wakenya ulioanza Januari 2008 kukusanya taarifa za vurugu za baada ya uchaguzi, ulikuja kujengwa kwa PHP juu ya fremuweki ya Kohana, ukatumika nchi nyingi. Kohana baadaye ikaachwa na waundaji wake, na Ushahidi ikabidi ihamie fremuweki nyingine. Fremuweki zinakufa. Majedwali yaliyopangwa vizuri yanahama.

Lakini Git, zana ya kutunza kila hatua ya msimbo wako, ni lazima, hata ukiwa peke yako. Linus Torvalds aliiunda mwaka 2005, na watu wengi hawajui kwamba inafanya karibu kazi yake yote ndani ya kompyuta yako bila mtandao. Umeme ukikatika, hatua uliyokwisha kuihifadhi ipo. Na kwa kuwa daftari lina majina na simu za wakulima, weka nywila tangu siku ya kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawalinda wao pia.

Kijana yule aliandika kwa PHP na SQLite, kurasa tano. Shangazi bado anajaza kaunta buku mchana kwenye mzani, na jioni wanaingiza pamoja. Tangu waanze ameomba badiliko moja tu: deni la mbolea lionekane kwanza, juu ya kilo.