Fahamu: Kwa nini diski ya kompyuta pepe haipungui hata ukifuta mafaili

Broadcom ilipoinunua VMware, kampuni ya programu za kompyuta pepe, Novemba 2023 na kubadili leseni zake, taasisi nyingi zilianza kuhamisha kompyuta pepe, na diski zilizovimba zikawa mzigo wa kweli. Kufuta mafaili pekee hakusaidii: mfumo wa ndani hufuta kumbukumbu ya mahali faili lilipo, lakini data hubaki, na seva iliyobeba diski hiyo haijui kwamba nafasi imeachwa wazi. Lazima iambiwe, kwa amri ya fstrim kwenye Linux au kwa kujaza sifuri nafasi tupu, kisha diski ibanwe kwa zana kama qemu-img au VBoxManage.

Wapo wanaosema ni afadhali kupunguza ukubwa wenyewe wa diski, yaani kuikata, kwa kuwa diski iliyobanwa itavimba tena. Ni kweli itavimba, na inahitaji kufuatiliwa. Lakini ext4, mfumo wa mafaili wa Linux, haipunguzwi ikiwa inatumika, na anayekata diski kabla ya kupunguza mfumo wa mafaili ulio ndani hukata data yenyewe. Kubana kwanza, nakala rudufu ikiwa tayari, ndiyo njia ninayoitetea. Kukata kubaki kwa asiye na budi.