Chupa Yenye Jina Lako

Mwezi uliopita mgeni mmoja kutoka Ulaya aliniambia, kwa sauti ya kunihurumia, kwamba Wajapani hawajui kunywa wiski. Alikuja Osaka kusaka wiski za Yamazaki na Hibiki za miaka mingi, zile zinazouzwa kwa bei ya pikipiki, na usiku wa kwanza tu akamwona mzee akinywa Kakubin iliyotiwa maji mara mbili ya wiski yenyewe. "Wameiua," akasema. Nilinyamaza kwa adabu, lakini neno lile limenikaa kooni. Nimeishi mji huu miaka kumi na minne na siwezi kulimeza.

Najua wasomaji wangu wengi hawagusi pombe, na simshawishi mtu aiguse. Nazungumzia desturi ya watu kukaa pamoja, na pombe imo ndani yake kama kahawa ilivyo ndani ya baraza.

Kakubin maana yake ni chupa ya mraba. Jina hilo halikutoka kiwandani. Kampuni ambayo leo ni Suntory iliitoa wiski hiyo mwaka 1937 kwa jina jingine, na wanywaji wenyewe wakaibatiza kwa kuitazama chupa yake, yenye kioo kilichochorwa kama gamba la kobe, mnyama ambaye Wajapani humhesabu kuwa alama ya maisha marefu. Kabla ya hapo, mwaka 1929, Torii Shinjiro alikuwa ameuza wiski ya kwanza kutoka kiwanda chake cha Yamazaki, na watu wakaikataa kwa sababu ya moshi wake mzito wa Kiskoti. Taketsuru Masataka, aliyesomea kazi hiyo Uskoti na kumsaidia Torii kuianza, aliipenda ladha ile ile ya Uskoti, na mwaka 1934 akaenda Yoichi, kule Hokkaido, kujenga kiwanda chake. Torii akabaki akichanganya na kuonja, akitafuta wiski ambayo ulimi wa Mjapani hautaisukuma nje. Kakubin ni matunda ya utafutaji huo. Miaka ya 1970 wiski ilipoingia kwenye migahawa ya sushi na tempura, iliingia na maji, kwa sababu pombe kali tupu ingemfunika samaki. Hayo ndiyo mgeni yule anayoyaita kuua.

Wiski ya namna hiyo wanaiita mizuwari, yaani iliyopunguzwa kwa maji, na nilijifunza maana yake kwa Mama. Baa yake, aina wanayoiita sunakku, ilikuwa ghorofa ya pili juu ya duka la mchele, viti vinane mbele ya kaunta. Wanawake wenye sunakku Japani nzima huitwa Mama, kwa hiyo neno hilo sikuhitaji kufundishwa. Ukiketi alikupa kwanza kitambaa cha moto cha kujifutia mikono. Kisha akajaza bilauri barafu hadi ukingoni, akamimina wiski, akaikoroga kwa kijiti polepole mpaka kioo kikatoka jasho. Barafu iliyoshuka akaifidia kwa kipande kingine. Ndipo maji yakaingia, akakoroga tena kidogo, akaipangusa bilauri kwa nje na kuiweka mbele yako kwa mikono miwili. Sikuwahi kumwona akiharakisha hata hatua moja, hata viti vyote vikijaa.

Na wiski hiyo ilikuwa yako. Ukinunua chupa nzima, huondoki nayo: Mama huandika jina lako kwa kalamu nyeupe, huivika kibao chenye mnyororo shingoni na kuipanga kwenye rafu. Ukirudi kesho au baada ya miezi miwili, wiski hulipii tena. Unalipia kiti, barafu, maji, na kisahani cha karanga au ngisi wakavu unachowekewa bila kuagiza. Chupa zote zinaonekana na kila mtu, pamoja na kilichobaki ndani. Mama alijua chupa ya nani inashuka upesi mwezi huu, na huyo alimzidishia maji bila kusema neno. Niliona akimfanyia hivyo fundi umeme mmoja aliyefiwa na mkewe. Bilauri yake iligeuka kutoka rangi ya asali hadi rangi ya majani makavu, wiki baada ya wiki, naye akainywa na kushukuru kila mara. Mgeni yule angeona wiski iliyoharibiwa.

Sisemi desturi hii haikuwa na ubaya wake: mambo ya bosi kuwalazimisha vijana kunywa hadi usiku wa manane yalikuwepo, na yaende.

Wajapani walikunywa wiski kwa wingi kabisa mwaka 1983. Baada ya hapo vijana wakahamia vinywaji vingine, na kufikia mwaka 2008 kiasi kilichonywewa hakikufika robo ya kile cha zamani. Kilichoiokoa Kakubin ni haiboli, wiski kwa soda na kipande cha limau katika bilauri kubwa yenye mkono, na naishukuru kwa hilo. Lakini haiboli ya siku hizi mara nyingi hutoka kwenye bomba la mashine, tayari imechanganywa, kipimo kimoja kwa aliyefiwa na kwa anayesherehekea.

Mama alifunga mwaka juzi, magoti yakimsumbua na hakuna wa kumrithi. Mlango wa ngazi zake sasa una kufuli. Siku ya mwisho alituita mmoja mmoja, akamkabidhi kila mtu chupa yake imefungwa kwa gazeti. Yangu ilikuwa imebaki theluthi. Sikuifungua nyumbani, kwani huku mtu akijimiminia mwenyewe huonekana mpweke.

Mwezi wa tatu fundi umeme akatualika kwake, kila mtu na chupa yake, na Mama akiwa mgeni wa heshima. Tulimkatalia kugusa chochote. Aliketi kama dakika tano, mikono magotini, akitutazama tunavyobishana nani amimine kwanza na barafu ikiyeyuka kwenye bakuli. Kisha akajiinua kwa kushika meza, akaomba kitambaa na kijiti, na akaanza na bilauri ya fundi.