Je, Wajua? Kutumia Pampu ya Pumu Hufundishwa Hata kwa Simu

Je, wajua kwamba wengi wenye pumu hukosea kuvuta dawa, ikabaki kooni badala ya kufika mapafuni? Maelezo matupu hayaondoi kosa hilo. Mtu lazima atazamwe akivuta. Hapo ndipo simu ya video inapofaa. Aliyeko kijijini Msimbati anaweza kumwonyesha muuguzi aliye Mtwara mjini anavyotikisa pampu, anavyotoa pumzi kwanza, anavyobonyeza huku akivuta taratibu, kisha anavyobana pumzi kwa sekunde 10. Akikosea anasahihishwa papo hapo, bila nauli.

Mtoto huhitaji chemba ya kupitishia dawa. Ya dukani ni ghali, ila mwaka 1999 watafiti wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitako na kuzibwa vizuri kuizunguka pampu, hufanya kazi vilevile.

Mbali na kuvuta dawa vizuri, mwenye pumu huepuka vinavyowasha mapafu, na Mtwara kuna salfa. Unga huo unaopulizwa kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga huwasha njia ya hewa, hivyo mwenye pumu asishike mashine ya kupulizia. Ndiyo, hata kama shamba ni lake.