Asiye na Mikono Anapimwaje Upinde?

Ukiingia duka la pinde kule Marekani, kabla hujaulizia bei utaambiwa unyooshe mikono. Muuzaji anapima kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono huu hadi cha mkono ule, kisha anagawanya kwa 2.5. Mwenye inchi 70 anapata 28. Huo ndio urefu wa mvuto wake, yaani umbali ambao ugwe utarudi nyuma kabla mshale haujaachiwa. Hesabu hiyo ilinigomea nilipotazama fainali ya upinde ya Paralimpiki ya Paris ya 2024. Aliyetwaa dhahabu, Matt Stutzman wa Iowa, alizaliwa bila mikono. Unagawanya nini kwa 2.5?

Upinde wa kale unamstahi mvutaji: avute kidogo, avute sana, shauri lake. Ule wa Stutzman ni wa roda, aina aliyoisajili Holless Wilbur Allen wa Missouri mwaka 1969, nao hauna subira hiyo. Roda zikishazunguka ugwe unagota, hauendi tena, na uzito unashuka ghafla. Upinde wa paundi 60, ambao ndio ukomo mashindanini, ukipunguza asilimia 80 unashikiliwa kwa nguvu ya paundi 12 tu. Hapo ndipo mlengaji anapotulia. Urefu wa mvuto ukimzidi, mwili unaegemea nyuma, kiwiko kinakakamaa na ugwe unamchapa mkono. Ukimpungukia, mabega yanabanana na shabaha inacheza.

Sasa mtazame Stutzman. Ameketi kitini. Upinde ameushika kwa mguu wa kulia, mguu mwingine unaokota mshale na kuupachika kwa vidole, bila papara, kama fundi saa. Ugwe unanaswa kwenye kifyatulio kilichofungwa begani kwa mkanda. Kisha anafanya kinyume chetu sote: havuti ugwe, anausukuma upinde. Unyayo unakwenda mbele, goti linakunjuka taratibu, roda zinagota. Anatulia. Taya linagusa kifyatulio na mshale umeshaondoka.

Kwake, basi, unyayo ndio kiganja na goti ndilo kiwiko. Kipimo chake kiko kati ya bega na mguu, na hakuna muuzaji mwenye kanuni ya hapo.

Mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba alipoanza hakuwa na kazi, na alikuwa na familia ya kulisha. Aliingia intaneti kutafuta namna ya kumfundisha mtu asiye na mikono kupiga upinde, akaambulia patupu. Akajifundisha. London 2012 alipata medali ya fedha. Mwaka 2015 alilenga shabaha umbali wa mita 283.47, rekodi iliyowapita hata wenye mikono yao miwili. Paris alimshinda Ai Xinliang wa China 149 kwa 147. Katika mishale 15 alipoteza pointi moja tu. Mtu huyo bado anaorodheshwa kuwa mlemavu, na sijui neno hilo linatusaidia nini hapa.

London alikuwa mpiga upinde pekee asiye na mikono. Paris walikuwa wanne, akiwemo binti wa India, Sheetal Devi, aliyekuwa na miaka 17 na akarudi na shaba ya timu mchanganyiko. Makocha wake walianza kwa kumfikiria mikono ya bandia. Ni baada ya kujua jinsi Stutzman anavyopiga ndipo wakaigeukia miguu. Kwa nini fikra ya kwanza ilikuwa kumtafutia mikono? Na ni wangapi walirudishwa mlangoni kwa sababu utepe wa kupimia haukuwa na pa kushika?

Ukijaliwa kununua upinde, hesabu ya mikono iwe ya kuanzia tu. Uvute mbele ya fundi mpaka ugote, umwache akutazame mgongo, bega na shingo. Mkibishana kati ya vipimo viwili, chukua kile kifupi.