Stabilaiza Haitakasi Mstari

Suali ambalo wanafunzi wa uchoraji wa kompyuta hawachoki kuniuliza, na ambalo mimi nimekwisha choka kulijibu, ni hili: "Mwalimu, stabilaiza umeiweka nambari ngapi?" Muulizaji ameona mistari yake ikitetemeka, akasikia kwamba ndani ya programu mna kitu cha kuituliza, naye akaitakidi kwamba kadiri nambari inavyopanda ndivyo mstari unavyotakata, na akiwa anatumia PaintTool SAI, ambamo nambari hupanda hadi 15 na baada yake huja S-1 hadi S-7, hana raha mpaka afike S-7. Itikadi hiyo imekwisha haribu mikono mingi yenye kipaji, kwa hiyo sioni haya kuisemea kwa ukali.

Stabilaiza haijui kuchora, wala haijui ulilokusudia. Kazi yake ni kupokea nukta ambazo kalamu inaziacha, kuchukua wastani wa kadhaa zilizotangulia, na kuuchora wastani huo badala ya njia iliyopitwa na mkono. Wastani wa nukta za kona huangukia ndani ya kona, si juu ya ncha yake. Ndiyo maana kiwiko, pindo la kanzu na pembe ya jicho, mambo ambayo ndiyo hasa yanayoupa mchoro uhai, hutoka yamelainika na kufifia. Chora duara upesi hali stabilaiza iko juu, kisha ulipime: utaliona dogo kuliko lile ambalo mkono wako umelizunguka. Aidha wino hubaki nyuma ya kalamu, jicho likauona umechelewa, na mkono, kwa kuungojea, ukapunguza mwendo.

Hapo ndipo dawa inapozidisha maradhi. Mkono wa kila mtu, hata mwenye siha kamili, hutetemeka kidogo, yapata mara 8 hadi 12 kwa sekunde. Basi na tufanye hesabu kwa mara 10: mwenye kuvuta mstari kwa mwendo wa sentimita 1 kwa sekunde ataacha wimbi katika kila milimita, na mchoro utaonekana umeparuzwa, ilhali kwa mwenye kuuvuta sentimita 20 kwa sekunde, wimbi lile lile hutandazwa juu ya sentimita 2, wala hapana jicho litakalolitambua. Mwendo utokao begani na kiwikoni, badala ya vidoleni, ndio unaotakasa mstari; na yeyote anayemshauri mwanafunzi avute polepole ili programu imnyooshee, amemfundisha njia ile ile inayouleta mtetemo.

Kwa insafu, iko hali moja ambayo stabilaiza ina haki yake. Weka rula kimshazari juu ya kibao cha kuchorea, uipitishe kalamu taratibu kando yake. Mstari ukitoka na mawimbi, kosa ni la kibao, na stabilaiza kidogo ni halali. Na duara likitoka limebonyea, linganisha uwiano wa eneo la kibao na ule wa skrini kabla ya kuulaumu mkono.

Ama programu zenyewe, maneno ni machache. Asiye na fedha achukue Krita, nayo ni bure na itamtosha. Mwenye iPad anayo Procreate. Mwenye simu tu atumie ibisPaint. Mtengeneza nembo aende Inkscape, ambayo pia ni bure. Na mchoraji wa katuni atafaidiwa zaidi na Clip Studio Paint, kwa kuwa mstari uliochorwa katika tabaka la vekta waweza kusogezwa, kunenepeshwa au kufutwa hadi penye makutano hata baada ya kuchorwa. Brashi iwe ya mviringo yenye kingo ngumu; mgandamizo utawale unene, usitawale wepesi wa wino; na unene wa chini ukaribie sifuri, ili mstari uingie na kutoka kwa wembamba. Ukurasa mweusi na mweupe wa kuchapishwa uwe wa dpi 600. Usinunue kibao kwa sababu sanduku limetangaza viwango 8192 vya mgandamizo, kwani kazi bora nyingi zilichorwa kwa vibao vya viwango 2048. Stabilaiza ianze sifuri. Ukiona haja, ipandishe hatua moja moja, na uishushe mara kona zinapoanza kulainika.