Mchezo Uliofichwa Katika Sauti

Mwaka 1982 kompyuta ndogo iitwayo ZX Spectrum ilianza kuuzwa nchini Uingereza. Michezo yake iliuzwa katika kaseti za kawaida, kama zile za muziki. Hadi leo wako watu wanaozikusanya kaseti hizo na kuicheza michezo yake. Je, mchezo hukaaje ndani ya kaseti?

Kompyuta hutumia tarakimu mbili tu, 0 na 1. Katika kaseti kila tarakimu ni wimbi la sauti, na wimbi la 1 huchukua muda mara mbili ya wimbi la 0. Kompyuta huupima muda huo, ikipokea kwa wastani tarakimu zipatazo 1,500 kwa sekunde. Kumbukumbu ya kilobaiti 48 ina nafasi ya tarakimu 393,216. Kuijaza yote kungechukua zaidi ya dakika 4.

Utepe wa kaseti ni plastiki iliyopakwa chembechembe za sumaku. Joto, unyevu na ukungu huuharibu. Wimbo ukikwaruza kidogo, sikio huvumilia. Kompyuta haivumilii: mwishoni mwa kila fungu hufanya hesabu ya kuhakiki, na tarakimu moja ikikosewa, mchezo hauanzi.

Kwa sababu hiyo wakusanyaji hodari huinakili sauti ingali ikisomeka, na kuifanya faili. Kisha programu maalumu huiwezesha kompyuta ya kisasa kutenda kama ile ya zamani. Kuitunza kaseti kabatini pekee hakutoshi, kwani mara nyingi uharibifu wake hauonekani kwa macho. Hugunduliwa siku inapohitajika.